Kisigino Sakafuni

Mezani kuna simu, visikilizio, daftari, na karatasi yenye namba ya dharura ya mtaa anaoishi mzee anayepigiwa. Tuko Worcester, Massachusetts. Hapa ndipo mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn alipoanza kuwafundisha wagonjwa kuituliza akili kwenye pumzi na mwili, kwa kozi ya wiki kadhaa. Mshauri aliye mezani huwapigia simu wazee Wakongomani walionyanyaswa na kuwaongoza katika utulivu huo. Leo anajinoa tu: mzee anaigizwa na mwenzake aliye chumba cha pili, maana simu ya kweli haisikilizwi na mgeni.

"Jambo, mama." Anangoja aitikiwe. Habari ya utulivu haigusi bado. Anauliza maswali ya ndiyo au hapana: Uko peke yako? Simu iko kwenye spika? Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mtu 1 kati ya 6 wenye miaka 60 na zaidi hunyanyaswa katika mwaka mmoja, na mara nyingi mnyanyasaji ni wa nyumbani humo humo. Pengine ndiye aliyemshikia simu. Kwa hiyo wana neno lao: mzee akitaja dawa ya macho, mazungumzo yanageuka mara moja kuwa ya kliniki.

Ndipo sauti inashuka. Hapazi, kwa sababu sikio la uzeeni hupoteza kwanza sauti nyembamba. Anaifanya nzito na kutenganisha maneno. "Ukitaka, fumba macho. Ukitaka, yaache wazi." Hiyo "ukitaka" inarudi kila hatua, kwa kuwa aliyeishi kwa kuamrishwa haongezewi amri. Wala haanzi na pumzi, inayoweza kumrudishia hofu mtu aliyewahi kukabwa. Anaanzia chini: "Sikia kisigino kinavyogusa sakafu."

Kimya. Uso hauonekani, basi anasikiliza kiti kinavyolia, pumzi inavyokwenda. Inakwenda mbio. Mara anauacha mwili: "Mama, unaona nini hapo?" Birika. Dirisha. Kitenge. "Kitenge kina rangi gani?" Jibu linakuja polepole, na pumzi nayo.

Wapo wanaouza utulivu kama dawa ya kila kitu. Huyu hauuzi. Kisigino hakimzuii mtoto kuchukua pensheni ya mama yake, na dakika za mwisho ni za hayo: kadi ya benki anaishika nani, jirani gani anaaminika, apigiwe lini mwana akiwa kazini.

Mwenzake anatoka kule na kumwambia kimya cha kisigino kilikuwa kifupi. Mshauri anaandika daftarini, anavaa visikilizio, na sehemu hiyo inarudiwa.