Mamba-Muntu: Nani Alimvuta Nani?



Katika miaka ya 1970, hapa Lubumbashi, nyumba nyingi zilikuwa na picha ya Mamba-Muntu katika chumba cha wageni: mwanamke mweupe, nywele ndefu, mkia wa samaki, nyoka pembeni, saa mkononi. Hadithi yake twaijua sote. Mwanaume akiokota kichanuo chake ao nywele zake, atamtokea katika ndoto. Wakipatana, atapata mali. Lakini atalipa kwa uzima wa watu wake.

Tumesikia mahubiri mengi juu yake, na karibu yote yanaishia palepale: mwanamke ni hatari. Mafundisho hayo ni nusu tu.

Kwanza, tuangalie sura. Kunako miaka ya 1880, huko Hamburg, Ujerumani, walichapa picha ya mwanamke aliyechezesha nyoka mbele ya watu kwa kupata chakula chake. Picha ikafika Afrika ya Magharibi, na watu wakaona ndani yake Mami Wata, ndugu ya Mamba-Muntu wetu. Mwaka 1955 ikachapwa tena Bombay. Hivyo mtu wa kazi ya maonyesho akageuzwa pepo mshawishi.

Pili, Eklezya nayo iliteleza. Mwaka 591 Papa Gregori Mkubwa alihubiri kwamba Maria wa Magdala ndiye yule mkosefu wa Injili ya Luka. Injili haisemi vile. Karne nyingi wachora sanamu walimpaka kama malaya mwenye kulia. Kalenda ya Roma ya 1969 iliyaacha mawazo hayo, na mwaka 2016 Papa Fransisko aliinua siku yake, 22 Julai, kuwa sikukuu kama za Mitume.

Tatu, hadithi yenyewe. Nani anaokota kichanuo? Nani anataka mali bila jasho? Nani anamficha bibi yake siri? Mwanaume. Mtakatifu Yakobo afundisha kwamba kila mtu anavutwa na tamaa yake mwenyewe. Wachoraji wetu waliyaonyesha hayo kuliko sisi wahubiri.

Hatusemi dhambi ya mwili ni ndogo. Lakini leo binti akicheza nusu uchi katika video, tunamlaani yeye, na feza za wanaume wanaomtazama hatuzitaji. Mkatekista, ukihubiri juu ya Mamba-Muntu, taja na kichanuo.

Nyumbani mwa Simoni Mfarizayo, Yezu hakumhoji mwanamke. Alimwuliza Simoni kama anamwona.