Fangasi Kwanza, Grafu Baadaye

Ukiletewa jaribio linalodai kuonyesha jinsi kinga ya mwili inavyowapokea fangasi wa ngozi katika saa za mwanzo, weka grafu kando. Uliza fangasi wenyewe waliandaliwaje.

Chukua Candida albicans, mkazi wa mikunjo yenye jasho. Ukuta wa seli yake umefunikwa kwa sukari changamano iitwayo manani. Chini yake imejificha beta-glukani, ambayo hutambuliwa na dektini-1, kipokezi cha seli za kinga walichokieleza Gordon Brown na Siamon Gordon mwaka 2001. Ukimchemsha fangasi, tabaka la juu huvurugika na glukani hubaki wazi. Seli za kinga zitapiga kelele na grafu itapanda vizuri, ila hakuna mgonjwa mwenye fangasi waliochemshwa. Kwangu mimi, matokeo ya fangasi mfu peke yake hayasemi lolote la kuaminika kuhusu ngozi.

Kisha omba picha za hadubini. Maandalizi mazuri huonyesha seli moja moja, nyingine zikiwa na chipukizi, kingo zake safi. Maandalizi ya haraka huwa na mabonge kama uji uliokorogwa vibaya, na bonge zima likihesabiwa kuwa seli moja, kipimo chote kimeharibika. Tazama na saa. Ndani ya seramu, kwenye nyuzijoto 37, Candida huanza kutoa mrija unaorefuka kuwa uzi katika saa 2 au 3. Aliyeanza na seli za duara huenda akamaliza na nyuzi, na nyuzi ndizo zinazotoa kandidalaisini, sumu iliyotangazwa mwaka 2016, inayoumiza seli za epitheli. Maabara makini hupiga picha kila saa.

Kwa majaribio ya panya, mimi hutafuta kwanza kundi lililonyolewa na kukwaruzwa bila kupakwa fangasi. Mkwaruzo wenyewe huita nyutrofili, seli za kinga za damuni. Kundi hilo likikosekana, siendelei kusoma. Endotoksini za bakteria nazo zipimwe, maana kiasi kidogo tu hughushi mwitikio.

Trichophyton rubrum, fangasi wa miguuni, amezoea binadamu na kwa panya hashiki kirahisi. Mtafiti anayetumia vipande vya ngozi ya binadamu vilivyobaki baada ya upasuaji, akaeleza wazi kwamba havina damu inayoleta nyutrofili wapya, namheshimu kuliko mwenye panya wengi na kipimo kimoja cha saa 24.