Santuri Zilizosafishwa Mno

Wengi wetu sasa twazinakili santuri kuukuu nyumbani, zikawa faili za kompyuta. Ni kazi njema. Lakini nakala kadhaa tulizosikiliza zimetuudhi. Sauti ya Siti binti Saad, aliyerekodiwa Bombay mwaka 1928, imesuguliwa hadi ikachujuka. Mchakacho wa sindano umeondoka, na pamoja nao zimefifia «s», «sh» na «f», kwa kuwa konsonanti hizo hukaa katika masafa yale yale ya juu. Mwanafunzi atajifunzaje humo matamshi ya Kiunguja? Tena santuri za mizunguko 78 zataka sindano pana kuliko ya santuri za plastiki. Wengine hata hilo hawakulijali. Na ihifadhiwe kwanza nakala ghafi, mikwaruzo na yote, ndipo msafishaji aijaribu programu yake kwenye nakala ya pili.