Sebene kwa Msikilizaji Aliyekaa

Bendi za dansi za Nairobi katika miaka ya 1970 zilikuwa na shida moja ya kudumu: wimbo ulitaka dakika nane, tisa au zaidi, na santuri ndogo ya mizunguko 45 haikuwa na nafasi hiyo upande mmoja. Basi wimbo ukakatwa katikati. Sehemu ya kwanza upande huu, sehemu ya pili upande ule. Mwisho wa upande wa kwanza sauti inafifishwa bendi ikiwa bado inapiga. Unageuza sahani, na bendi inakupokea ikiwa tayari imo safarini. Wahakiki wa muziki wetu, wakijishughulisha sana na maneno, wameupita mkato huo kana kwamba ni kasoro ya kiwandani. Mimi naona ni sehemu ya umbo la wimbo, na umbo hilo halisikiki vizuri mpaka mtu akae chini, peke yake, bila pa kwenda.

Nafasi hiyo ilikuja kwa nguvu. Tarehe 27 Machi 2020 Kenya iliingia kafyu ya korona, ya saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Baa zikafungwa, bendi zikakosa jukwaa. Wale wenye hobi ya vyombo vya sauti, watu wa amplifaya za valvu na sindano zinazogharimu bei ya pikipiki, wakajikuta na jioni ndefu zisizo na mgeni. Hobi hii iliwaka mahali pengi wakati huo: Marekani, katika nusu ya kwanza ya 2020, mapato ya santuri yaliyapita ya CD, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu miaka ya 1980. Kwetu hata asiyenunua kipya aliweza kushusha sanduku la marehemu babake kutoka juu ya kabati. Muziki uliotungiwa miguu ukaangukia kwenye masikio ya mtu aliyekaa kwenye kochi.

Kwa nini mkato? Sababu imo ndani ya mfuo wenyewe. Noti za chini huufanya mfuo wa santuri uyumbe kwa mapana, na mapana hayo hula nafasi. Fundi akitaka kubana dakika nyingi upande mmoja, hana budi kuisogeza mifuo ikaribiane. Ili isigongane, anapunguza ukubwa wa sauti, na wa kwanza kuumia ni besi. Kwa hiyo mtayarishaji wa santuri alikuwa na njia mbili: wimbo mzima wenye besi iliyokonda, au besi iliyoshiba na wimbo uliokatwa. Ukisikiliza sahani zile huhitaji kuuliza walifuata njia ipi. Wimbo ulipasuliwa vipande viwili ili besi ibaki hai, na uamuzi wa namna hiyo ni wa kisanaa hata kama aliyeufanya alivaa ovaroli.

Hapa ndipo naungana na watu wa vyombo ghali, kwa kiasi fulani. Uzi wa chini kabisa wa gitaa la besi hutetema mara 41 hivi kwa sekunde, na spika ya simu haifiki huko hata kwa ndoto. Ubongo ndio unaokisia. Tena, kwa kanuni iliyokubaliwa tangu 1954, besi hupunguzwa makusudi wakati wa kuchonga santuri, kisha hurudishwa na kifaa kidogo kinachokaa kati ya sindano na amplifaya. Kifaa hicho kikiwa duni, kinachopotea ni msimulizi. Pesa ziende hapo kabla ya kwenda kwenye waya za spika, ambazo wafuasi wake husimulia miujiza yake kwa sauti ya watu waliotoka hija.

Nasema msimulizi kwa sababu nina wimbo mmoja kichwani: “Sina Makosa” wa Les Wanyika, bendi iliyozaliwa 1978 wanamuziki kadhaa walipojitenga na Simba Wanyika, ile ya akina Kinyonga waliotoka Tanga. Kila mtu wa Afrika Mashariki anaujua, na kwa sababu hiyo karibu hakuna anayeusikiliza. Kwenye karatasi maneno yake ni machache ajabu. Mtu amekasirikiwa na mwenzake juu ya mwanamke. Anauliza hasira hizo zatoka wapi, anakumbusha kwamba kila mmoja wao ana wake nyumbani, anakana kosa. Basi. Hakuna jina, hakuna mahali, hakuna shahidi, wala hatuambiwi nani alimwona nani. Mtunzi wa tenzi angetupa kisa kizima na nasaba ya wahusika. Hapa tunapewa utetezi bila mashitaka, na utetezi wenyewe unajirudia.

Mtu anayecheza hana haja ya kuhoji marudio. Yanamsaidia asipoteze hatua. Aliyekaa huanza kuyapima. Mara ya kwanza mtu akisema hana kosa, unamsikiliza. Mara ya tatu unamtazama usoni. Chini ya kukana huko, besi ya Tom Malanga inasema kifungu kifupi, inanyamaza, inasema tena. Vile vituo ndivyo ninavyoviona kuwa kiini cha utunzi. Mwimbaji anauliza, besi inakaa kimya pale ambapo jibu lingekaa, na gitaa la ridhimu la Omari Shabani linaendelea kutembea kana kwamba halijasikia ugomvi wowote. Kwenye redio ndogo ya jikoni vituo hivyo hujazwa na kelele za nyumba. Kwenye chombo kizuri, usiku wa kafyu usio na hata pikipiki barabarani, ukimya huo una uzito uleule wa noti.

Kisha kuna suala la nani anasema. Sauti inayokana kosa haiko peke yake. Wenzake wanaimba naye, sauti moja imepangwa juu ya nyingine, na zote zinatumia nafsi ya kwanza umoja. Mshitakiwa mmoja ana vinywa kadhaa. Katika muziki wa dansi huu ni mtindo wa kawaida kiasi kwamba hatuulizi. Lakini hapa mada ni tuhuma, na kundi linaloimba “mimi” kwa pamoja hubadilisha kesi: ama wanaume wote wa bendi wanamdhamini mwenzao, ama wote wana kesi inayofanana. Siamini Les Wanyika walilipanga hilo kama fumbo. Umbo la kiitikio ndilo lililoleta maana ambayo maneno hayakuileta, na wimbo ni mtamu zaidi kwa sababu hiyo.

Sasa upande wa pili, na hapo naachana na watu wa vyombo ghali. Sifa yao kubwa kwa chombo ni kwamba kinatenganisha: unafumba macho unaonyesha kwa kidole gitaa liko pale, tumba ziko kule, mwimbaji kasimama hatua mbili mbele. Kwa kwateti ya nyuzi, yaani vyombo vinne vya nyuzi vya Ulaya, pengine ni sifa ya haki. Sebene, ile sehemu ya wimbo ambapo maneno hukoma na magitaa hupokea, imejengwa kwa kanuni nyingine. Gitaa la solo linapiga kifungu kifupi na kukirudia. Gitaa jingine linaingia katika matundu ya kifungu hicho, si juu yake. Ridhimu inaziba yaliyobaki. Mpangilio ukikaa sawasawa unasikia wimbo wa tatu ambao hakuna mpigaji hata mmoja anayeupiga. Huo ndio unaoinua watu kutoka kwenye viti. Ukivitenganisha vyombo kupita kiasi, wimbo wa tatu unapotea na unabaki na wapigaji watatu hodari, kila mmoja akifanya jambo dogo mno kwa muda mrefu mno. Nimewahi kukaa mbele ya spika za thamani ya gari nikiisikia sebene ikichoshwa kwa namna hiyo, na mwenyeji akinitazama kwa fahari.

Kwa hiyo kinachoitwa uaminifu wa sauti kina mipaka. Chombo kinaweza kuwa mwaminifu kwa kila uzi na kikausaliti utunzi. Spika za kawaida, zenye besi ya kutosha na zilizowekwa karibu karibu, huiunganisha sebene vizuri zaidi, kwa sababu ukumbi wenyewe ulifanya vivyo hivyo: miili mingi, dari ya mabati, bia mezani, magitaa yote yakitoka kona moja.

Rekodi za Radio Tanzania Dar es Salaam zina hadithi nyingine, na nitaigusa tu. Zilifanywa kwa utepe ili zirushwe hewani, hivyo hazikuwa na mkato wa kugeuza sahani. Msikilizaji alizipokea kwa masafa ya kati na mafupi yaliyokuwa yameshakata sauti za juu njiani. Ukizisikia leo zikiwa zimesafishwa, zinakuwa angavu kuliko zilivyowahi kuwa masikioni mwa waliozipenda kwanza. Sijaamua kama hilo ni faida.

Ninachoweza kuamua ni juu ya mkato. Intanetini nyimbo hizi nyingi zimeunganishwa, sehemu ya pili imebandikwa nyuma ya ya kwanza, wakati mwingine kwa ustadi kiasi kwamba huoni mshono. Aliyefanya hivyo alidhani anaurudishia wimbo uzima wake. Lakini katika nyimbo nyingi za aina hii mkato unaangukia karibu na pale maneno yanapokwisha na magitaa yanapopokea, na zile sekunde za kuinua mkono wa sindano, kugeuza na kushusha, ndizo zinazoitenga kesi na dansi. Aliyekaa analazimika kusimama. Ni hatua pekee ambayo santuri inamdai. Ukiunganisha, utetezi unateleza tu ndani ya sebene na mshitakiwa anaachiliwa bila mtu kugundua. Nikipewa nakala mbili za wimbo mmoja, iliyounganishwa na kusafishwa, na ile ya pande mbili yenye mikwaruzo, nitachukua ya mikwaruzo, na nitaidai besi yake yote.