Deni Asilolikopa

Msomaji, mvuvi wa kisiwa cha Remba huhama mwalo hadi mwalo akifuata samaki, wala haambiwi kuwa amepotea. Mbona basi tumhukumu Dennis Oliech vingine? Mwaka 2003, akiwa na umri wa miaka 18, bao lake dhidi ya Cape Verde liliipeleka Kenya kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika la 2004. Baadaye aliitumikia Al-Arabi ya Qatar, kisha Nantes, Auxerre kwa miaka sita, na Ajaccio, zote za Ufaransa. Mwaka 2019 akarejea nyumbani kuichezea Gor Mahia. Wako wasemao kwamba hakuitimiza ahadi ya ujana wake. Lakini ahadi hiyo tuliiandika sisi watazamaji, nasi tukamdai yeye. Mpime mchezaji kwa kazi aliyoifanya, si kwa ndoto zetu.