Ilimba ya Kigogo na gitaa lisilokata sauti

Ukishuka treni Manyoni ukaelekea Kilimatinde, kiserikali uko Singida lakini kimuziki uko Ugogoni: ngoma za muheme za akina mama, zeze, na ilimba yenye vyuma vilivyopangwa juu ya sanduku la mbao. Kwa sikio la huku, Assembly, albamu ya 2002 ya marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo, na mpiga gitaa wa Kanada, Michael Brook, inaleta swali moja: gitaa lilipitaje humo?

Ugumu wenyewe ni wa hesabu. Sauti za Kigogo hufuata uwiano wa 6, 7, 8, 9 na 10. Chuma cha kwanza kikitetema mara 240 kwa sekunde, vinavyofuata ni 280, 320, 360 na 400. Gitaa halina hiyo 280. Ukipanda freti tatu kutoka 240 unapata kama 285, na sauti hizo mbili zikilia pamoja zinagombana, unasikia mtikisiko kama mara tano kila sekunde. Bado kuna utando wa buibui unaobandikwa kwenye tundu la ilimba ili ivume, na vyuma visivyoguswa, vinavyolia kwa kuitikia vingine. Mwaga noti nne za gitaa kwa mpigo juu ya hayo yote, umeharibu.

Brook alikuwa na dawa yake. Gitaa alilolibuni, ambalo The Edge wa bendi ya U2 alilitumia kwenye wimbo wa With or Without You, hushikilia noti moja bila kufifia. Noti moja ndefu kwenye msingi haigombani na 280, inaitandikia. Inapofanya kazi hiyo chini ya koo la Zawose, albamu inasimama. Inapoingia midundo ya kompyuta naona inapwaya, na anayemtaka Zawose mtupu ni heri arudi kwenye albamu ya Chibite ya 1996.

Peter Gabriel, mkongwe wa rock na mwanzilishi wa lebo ya Real World iliyoitoa Assembly, aliwapandisha Hukwe na mwenzake Charles Zawose kwenye ziara yake Marekani mwaka huohuo wa 2002. Hukwe alifariki Desemba 2003.

Maprodyuza wa Singida wanaochanganya ilimba na kinanda leo wana njia rahisi kuliko ya Brook: programu nyingi zinaruhusu kushusha noti moja peke yake. Shusha ile ya chuma cha pili, yaani ile ya 285, kwa theluthi moja ya nusu toni, kisha ndiyo urekodi.