Wasomaji wa Pua

Daktari wa pua aliyeiva hutambulika kwa jambo asilolifanya mwanzoni: hana haraka ya kupuliza dawa. Mgonjwa ameshaketi, endoskopu, yaani mrija wenye mwanga wa kutazamia ndani ya pua, imeshawashwa, na kichupa cha dawa ya kusinyaza nyama za pua kipo mezani, jirani kabisa na mkono. Hata hivyo anaanza kwa kuitazama pua ilivyokuja. Dawa ile ikishapulizwa, mishipa ya damu hubana na nyama zilizovimba hunywea ndani ya dakika chache. Njia hufunguka na chombo hupita bila taabu, lakini sehemu ya ushahidi itakuwa imekwenda: nyama za chini zilizojaa maji, zimepauka hadi kuelekea ubuluu, zimelowa ute mwepesi usio na rangi. Hivyo ndivyo pua ya mzio huonekana mara nyingi ikiwa imechachamaa, na anayetaka kuiona sharti avumilie ufinyu wa njia.

Kabla ya hapo kuna maswali, na wala si machache. Chafya zinakuja mfululizo asubuhi? Zinaanza ukifagia, ukikung'uta godoro, ukifungua kabati la nguo za zamani? Macho nayo yanawasha? Kuna paka ndani? Wakati mama anajibu, daktari anamwangalia mtoto. Mtoto wa mzio hupandisha ncha ya pua kwa kiganja, tena na tena, mpaka mstari mwembamba wa mlalo unajichora kwenye mwanzi wa pua, karibu na ncha. Mstari huo husomwa kabla maelezo hayajafika nusu. Kisha linakuja swali ambalo wagonjwa huliona dogo: pua inaziba pande zote au upande mmoja? Mzio kwa kawaida hushika pande zote mbili, hata kama zinapokezana. Upande mmoja peke yake, hasa ukitoa damu au harufu mbaya, unamtaka daktari aliache vumbi na atafute kitu kingine: punje ya hindi kwa mtoto, uvimbe kwa mtu mzima.

Chombo anachokishika kina safari ndefu. Mwanzoni mwa karne ya 20, Mjerumani Alfred Hirschmann alichukua kifaa cha kutazamia kibofu cha mkojo, akakirekebisha, akakitumia kuchungulia sainasi. Mwanga ulikuwa hafifu na picha ndogo. Mambo yalibadilika kwa sababu ya mwanafizikia Mwingereza Harold Hopkins, aliyeusajili uvumbuzi wake mwaka 1959. Mirija ya zamani ilikuwa na lenzi ndogo zilizotenganishwa na nafasi ndefu za hewa. Yeye aligeuza mpangilio: akajaza mrija vipande virefu vya kioo, na nafasi fupi za hewa kati yake zikafanya kazi ya lenzi. Karl Storz wa Tuttlingen, Ujerumani, akaanza kuvitengeneza katika miaka ya 1960, na mrija wenye kipenyo cha milimita 4 ukawa unaonyesha ndani ya pua kwa uangavu usiowahi kuonekana. Huko Graz, Austria, Walter Messerklinger aliutumia kwa subira ya ajabu. Alifuatilia ute unavyosafiri juu ya utando wa pua, akichora njia zake, akibaini ni wapi unakwama na kwa nini. Kitabu chake kikatoka mwaka 1978. Mimi humwona yeye kuwa ndiye aliyewafundisha wengine kutazama, maana mwanga mzuri peke yake haumfundishi mtu cha kuangalia.

Baada ya kutazama pua ilivyo, ndipo dawa ya kusinyaza hupulizwa pamoja na ya ganzi, na watu husubiri. Kisha chombo hupitishwa mara tatu. Mara ya kwanza hufuata sakafu ya pua, taratibu, mpaka mlango wa nyuma. Hapo huonekana tundu la mfereji unaokwenda sikioni na, kwa mtoto, nyama za nyuma ya pua ziitwazo adenoidi, zinazoweza kuziba njia nzima. Mara ya pili hupanda juu na nyuma, kati ya nyama ya katikati na ukuta unaozigawa pua. Mara ya tatu ndiyo ya wenye mkono mwepesi: ncha huingizwa chini ya nyama ya katikati, mahali ambapo sainasi nyingi hufungukia. Usaha ukionekana pale, hadithi imebadilika. Ukuta wa pua ukiguswa, mgonjwa hutokwa machozi na hupiga chafya, kwa hiyo fundi hasa huelea katikati ya nafasi bila kugusa, akisogeza ncha kwa vidole huku kiganja kimepumzika shavuni mwa mgonjwa.

Katika kliniki zetu wagonjwa wengi hufika wakiwa wameshaambiwa wana nyama za pua, na wengine wameshaanza kuchanga fedha za upasuaji. Hapa endoskopu inalipa gharama yake. Nyama ya chini iliyovimba kwa mzio bado imeshikamana na ukuta wa pembeni, ina hisia ikiguswa, na kwa kawaida hunywea kwa dawa. Polipu ni kitu kingine: imening'inia, ina rangi ya kijivu, inang'aa kama zabibu iliyomenywa, na ikiguswa mgonjwa hashtuki sana. Adenoidi ziko nyuma kabisa, na tiba yake ni nyingine.

Lakini mwenye ujuzi hatamki neno mzio kwa kuona rangi tu. Wapo wenye mzio ambao pua zao ni nyekundu, na wapo wenye pua zilizopauka wasio na mzio wowote. Nguvu kubwa ya endoskopu ni kuondoa maradhi mengine mezani. Kuthibitisha mzio ni kazi ya ngozi au damu.

Kwamba jibu limo damuni kulijulikana kwa njia ya ujasiri mwaka 1921. Heinz Küstner alikuwa hawezi kula samaki bila kudhurika. Mwenzake Carl Prausnitz akajidunga ngozini majimaji ya damu ya Küstner, kesho yake akadunga rojo la samaki mahali pale pale, na pakavimba. Ilichukua zaidi ya miaka 40 kuikamata kingamwili iliyosababisha uvimbe huo. Mwaka 1966 Kimishige na Teruko Ishizaka, mume na mke wakifanya kazi Denver, walieleza kingamwili hiyo mpya. Mwaka uliofuata watafiti Johansson na Bennich wa Uppsala wakaieleza kutoka kwa mgonjwa wa saratani ya uboho. Mwaka 1968 ilikubaliwa kuwa ni kitu kimoja, ikaitwa IgE.

Ugumu wa kuipima ulikuwa uchache wake. Kipimo kimoja cha kimataifa cha IgE ni nanogramu 2.4, na katika damu ya mtu wa kawaida kingamwili nyingine, IgG, huizidi mara maelfu kwa maelfu. Watu wa Uppsala walifunga kizio, yaani kitu kinacholeta mzio, kwenye kikaratasi, wakakilowesha katika damu, wakakiosha, wakaongeza kingamwili nyingine yenye alama ya mionzi inayoshika IgE peke yake, wakaosha tena, wakahesabu. Siku hizi mwanga umechukua nafasi ya mionzi, ila kuosha kumebaki, na fundi wa maabara anayeosha vibaya huzalisha mzio usiokuwepo.

Namba nayo inasomwa kwa mahali. IgE ya jumla iliyo juu kwa mtu wa Stockholm huzua swali la mzio. Kwa mtu wa pembezoni mwa Ziwa Victoria, penye kichocho na minyoo, huenda haisemi lolote kuhusu pua; seli za damu ziitwazo eosinofili nazo hupanda kwa sababu hiyo hiyo. Hata IgE ya kizio mahususi hudanganya: watafiti walikuta watoto nchini Ghana, hasa walio na kichocho, wenye IgE ya karanga damuni ilhali wanakula karanga bila shida. Kwa hiyo daktari makini haagizi orodha nzima. Anaagiza kile ambacho maswali yalikielekeza, mara nyingi utitiri wa vumbi, mende au paka. Pale mgonjwa anapoweza kuacha dawa za mzio kwa siku kadhaa, huchomwa ngozini tu, maana ni rahisi na jibu hutoka ndani ya dakika 20. Damu huiachia wasioweza kuacha dawa au wenye ngozi iliyoharibika.

Hubaki wachache ambao ngozi yao haina kitu na damu yao haina kitu, lakini kila wakitandika kitanda wanapiga chafya. Carmen Rondón na wenzake wa Málaga wameonyesha kwamba kwa baadhi yao IgE hutengenezwa puani na kubaki humo. Hao hupimwa kwa kudondoshewa kizio chenyewe puani, kidogo sana, huku hewa inayopita na chafya zikihesabiwa. Kwanza hudondoshewa maji ya chumvi matupu. Pua ikichachamaa kwa hayo, jaribio husimama hapo hapo na mgonjwa hupewa tarehe nyingine.